Gari ya haidrojeni au ya betri? Mimi wa Tanga nipo upande wa betri

Kuna video inazunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp, gari ya Kijapani inatoa maji kwenye bomba la moshi, na chini wameandika eti gari hii inatumia maji badala ya petroli. Hapa Tanga nimeulizwa habari hiyo kijiweni Ngamiani, nimeulizwa nyumbani, na wengi wameamini kabisa kwamba muda si mrefu tutakuwa tunachota maji ya bombani tunajaza kwenye tenki tunaondoka zetu. Jamani, sivyo.

Gari za namna ile, mfano Toyota Mirai iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 2014, zinabeba gesi ya haidrojeni kwenye mitungi. Ile gesi inakutana na oksijeni ya hewani ndani ya kifaa kinaitwa fyueli seli, unapatikana umeme, na maji ndo yanayobaki. Umeme ule unazungusha mota. Kwa hiyo hiyo nayo ni gari ya umeme, ndugu ya hizi za betri, ila umeme wake unatengenezwa humo humo ndani ya gari. Maji ni kinachotoka, sio kinachoingia.

Swali la maana ni haidrojeni yenyewe inatoka wapi, manake kwa kawaida huchimbi ukaikuta imekaa inakusubiri. Nyingi duniani leo inatengenezwa kutokana na gesi asilia, na hewa ya ukaa inaenda juu kama kawaida, sasa hapo usafi uko wapi? Na sisi gesi asilia tunayo, Dar bajaji na taksi zinatembelea gesi moja kwa moja, sioni sababu ya kuigeuza kwanza iwe haidrojeni upoteze nyingine njiani. Njia safi ni kupasua maji kwa umeme, na hapo ndo mimi naishiwa hamu.

Tupige hesabu kwa uniti za Luku ambazo kila mtu anazijua. Kilo moja ya haidrojeni kuipata kwenye maji inakula uniti kama 50 mpaka 55. Mirai ya sasa inabeba kilo 5.6, kwa hiyo tenki moja ni kama uniti 300, na bado hujahesabu umeme wa kuigandamiza, na kwa tenki hilo inaenda kama kilomita 650, yaani ukitoka Tanga kwenda Dar na kurudi unaishiwa kabla hujafika nyumbani. Chukua uniti hizo hizo 300 chajia gari ndogo ya betri, inayokula tuseme uniti 18 kwa kilomita 100 pamoja na zinazopotea kwenye kuchaji, unapita kilomita 1,600. Dar kwenda na kurudi mara mbili na chenji inabaki! Sisi hapa mkoani tuna vituo vya umeme wa maji, Hale kilichojengwa kwa megawati 21 na Pangani Falls megawati 68, vyote vya mto ule ule mmoja, mvua zikigoma Kilimanjaro na Arusha tunazisikia huku. Ndo maana inaniuma mtu akisema tuuchome umeme wa namna hiyo mara mbili au zaidi kwa safari ile ile.

Alafu kuna presha. Gesi ile inakaa kwa bar 700, kwa lugha ya mafundi tairi ni kama PSI elfu kumi, wakati tairi ya IST unajaza thelathini na kitu. Mitungi yake ni ya nyuzi za kaboni, sheli yake inataka kompresa kubwa na mitambo ya kuipoza gesi. Kule California, Marekani, wenye hela zao, kampuni ya Shell ilifunga vituo vyake vya haidrojeni vya gari ndogo mwaka 2024. Betri inataka soketi ya ukutani, usiku unachomeka asubuhi unatoka.

Haidrojeni ina kazi zake na nataka zifanyike, mbolea inaihitaji, viwanda vya chuma vinaihitaji, na kwa malori marefu yanayotoka bandarini hapa mjadala bado upo kwa sababu kujaza ni dakika chache tu na betri ya lori ni nzito mno. Gari ya kupeleka watoto shule, hapana.

Sasa wapenzi wenzangu wa betri, tusidanganyane. Joto la kaskazi hapa linaumiza betri. Nissan Leaf za mwanzo, ambazo ndo za bei nafuu kwenye mitandao ya magari ya Japani, betri yake haina mfumo wa kuipoza, na watu wa Arizona, kule Marekani kwenye joto kali, walilalamika sana mwaka 2012 zilipoanza kuchoka mapema. Kabla hujatuma hela omba picha ya dashibodi, pale pembeni ya geji ya chaji kuna vijiti 12 vidogo vya afya ya betri, vikibaki 8 ujue theluthi nzima imeshaondoka na Muheza kwenda na kurudi utakuwa unaendesha kwa wasiwasi. Ukinunua, paki kivulini, na usiiache imejaa mia kwa mia juani siku nzima. Kama bajeti inaruhusu tafuta yenye betri ya aina ya chuma na fosfeti, inadumu zaidi na haina kobalti.

Na kwa mafundi wetu, betri ya gari hizi ni volti zaidi ya 300, inaua. Nyaya nene za rangi ya machungwa usiziguse kabla umeme haujakatwa kwenye plagi yake ya usalama, tena ukasubiri dakika kadhaa, na kama hujafundishwa mwambie mteja ukweli aende kwa aliyefundishwa.