Siku moja maishani mwangu: bahari ya lita 80 mjini Mbeya

Saa 11 alfajiri. Mwezi wa saba Mbeya hauna huruma. Maji yaliyolala kwenye ndoo yanauma vidole, nami nayataka yafike nyuzi 25 kabla hayajaenda kwa samaki. Chumvi niliitia tangu jana jioni na kipampu kimeizungusha usiku kucha, maana haitaki haraka. Lita 20 zinakula karibu robo tatu ya kilo, na usipoisubiri ikayeyuka yote, punje zake zinamuunguza samaki. Nachomeka hita ndani ya ndoo, nakunywa chai, nafunga begi.

Ninatunza matangi ya samaki wa mapambo. Mengi ni ya samaki wa maji yasiyo na chumvi. Moja tu, lililopo mapokezi kwenye lodge kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, ni la maji ya bahari. Ndani yake wapo klauni wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda meupe, konokono kadhaa, na kaa mmoja anayeishi ndani ya ganda tupu la konokono. Mtu akisikia ninalipwa kwa kazi hiyo huuliza, "Yaani unalipwa kulisha samaki?" Kulisha ni dakika mbili. Ninacholipwa ni kushughulika na chakula ambacho samaki hawakukila.

Saa 12 na nusu napanda bajaji na ndoo yangu yenye mfuniko. Dereva ananiuliza kama watu wengine wote: "Dada, si ungetia tu chumvi ya dukani?" Namweleza. Chumvi ya mezani ni chumvi tupu. Hata ile inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Bagamoyo, ambayo asili yake ni bahari kabisa, madini yake ya magnesi kwa sehemu kubwa hubaki kwenye maji machungu yanayomwagwa chumvi ikishaganda. Samaki na kaa wanahitaji na hayo yaliyomwagwa. Ndiyo maana natumia chumvi maalumu ya matangi, na inakuja kwa basi kutoka Dar, zaidi ya kilomita 800.

Saa 1 asubuhi, lodge. Napima joto na chumvi, nafuta kioo, naongeza maji yasiyo na chumvi kufidia yaliyokauka, kwani maji hupaa na chumvi hubaki. Kisha nalisha: kamba wachache wa kugandishwa, nimewayeyusha na kuwasuuza ule ute wao, nimewakatakata vipande vidogo kama kichwa cha kiberiti. Nadondosha kimoja, nasubiri kiliwe, nadondosha kingine. Kilichoanguka nyuma ya jiwe nakifuata kwa bomba la sindano lenye kimrija mbele, nakivuta. Mtu akipita ataona mwanamke ameinama anachungulia mawe, basi.

Na hapo ndipo kazi ilipo. Chakula kikibaki kinaoza na kutoa amonia, sumu kwa samaki. Bakteria wanaoishi kwenye mawe na kwenye sponji ya chujio huigeuza kuwa nitriti, wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na hutoka pale ninapobadilisha maji. Lakini bakteria hao wana kipimo chao. Ukiwabebesha chakula kingi kwa mkupuo, wanazidiwa. Tena maji ya bahari yana pH, kile kipimo cha asidi na alkali, ya 8 na kitu, na pH ikiwa juu kiasi hicho, amonia huwa kali zaidi kuliko kwenye maji yenye pH ya chini. Halafu kuna huu mwinuko wetu. Mbeya tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na maji hapa hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko yangeshika Dar. Mwenzangu wa pwani akikosea kidogo samaki wake wanavumilia. Wangu hawana akiba hiyo.

Saa 2 hadi saa 5 nazunguka kwa wateja wengine, mitaa ya Forest na Soweto hapahapa Mbeya. Hakuna la kusimulia.

Saa 5 na robo simu inaita. Ni dada wa mapokezi: "Dada, maji yamekuwa meupe kama yametiwa maziwa."

Nimemkuta mzee mmoja, mgeni, anasubiri gari lake lirudi kutoka gereji. Sahani ya kifungua kinywa iko juu ya meza karibu na tangi. Shikamoo, marahaba. Ameketi ameridhika kabisa. "Hawa samaki wako wana njaa. Kila nikisogea wananifuata kwenye kioo." Amewapa kiini cha yai la kuchemsha, na chapati.

Nataka mjue kiini cha yai kinafanya nini. Hakianguki kikakaa mahali ukakiokota. Kinavunjika unga mwembamba, kinaingia kwenye kila kitundu cha mawe, kinapenya hadi ndani ya chujio. Chapati nayo imetoa mafuta, yametanda juu ya maji utando unaong'aa, na utando huo unazuia hewa kuingia. Klauni walikuwa juu kabisa, mashavu yanakwenda mbio. Kaa alikuwa ameshika kipande cha chapati kwa makucha yote, hataki kukiachia.

"Mzee, chakula kikizidi kinageuka sumu."

"Sumu wapi? Mimi mwenyewe nimekula."

"Kinaoza ndani ya maji."

"Baharini nani anawapimia?"

Nikamjibu kwa heshima kwamba baharini kipande cha chapati kina maji yasiyo na mwisho ya kupotelea, na hapa kina lita 80. Hakuelewa, au hakutaka. Akavuta kiti, akasimamia kazi yangu mwanzo mwisho, huku akirudia kwamba kumnyima kiumbe chakula ni dhambi. Sikuwa na muda wa kubishana. Nilizima chujio lisizidi kusambaza ule unga, nikalaza karatasi za jikoni juu ya maji, zikanyonya mafuta, nikazitoa, nikalaza nyingine. Nikavuta kiini kwa mpira mwembamba, jiwe moja baada ya jingine, magoti sakafuni. Sponji nikaikamulia kwenye maji yaleyale niliyoyatoa, maana maji ya bomba yana klorini na yangeua bakteria ninaowahitaji kuliko siku nyingine yoyote. Maji ya ndoo yangu nikayamalizia ndani ya tangi. Nikawasha chujio.

Nikapima amonia. Matone yakabaki njano, yaani hamna. Mzee akasema, "Si unaona!" Amonia haiji saa hiyohiyo. Kwanza kitu kioze.

Gari lake likaja, akaondoka. Mchana ulikuwa umeshakwenda, sijala, na umeme ukakatika.

Pampu ikasimama, hita ikapoa. Nikafunga kipampu cha betri kiendelee kupiga mapovu, nikaomba jikoni maji ya moto, nikayajaza kwenye chupa, nikaziacha zielee juu ya maji ya tangi, nikabadilisha kila zilipopoa. Mama wa usafi akaleta blanketi tukazungushia vioo. "Mwanangu, unawauguza kama wagonjwa," akaniambia. Ndivyo ilivyo, mama. Baridi ya jioni ilishaanza kushuka kutoka mlima Loleza, na kipimajoto kilikuwa nyuzi 22 umeme uliporudi. Miguu ilikuwa inatetemeka, sijui kwa baridi au kwa kusimama.

Giza limeshaingia, nikapima tena. Ukijani kidogo. Kidogo, lakini upo. Hata hivyo klauni walikuwa wameshuka chini, wanapumua taratibu, na maji yalikuwa yameanza kung'aa. Kazi ile ya mchana ndiyo iliyowaokoa, hilo nalisema bila kusita.

Nikazungumza na meneja. Nimetaka mfuniko wenye kufuli na meza ile isogezwe, amekubali yote mawili. Dada wa zamu ya usiku nimemwambia kesho hawali kabisa, hata wakimfuata kwenye kioo, maana klauni mzima anaweza kukaa siku kadhaa bila chakula, lakini hawezi kukaa kwenye amonia. Nimekoroga ndoo nyingine palepale lodge, pampu inaizungusha, na asubuhi nitabadilisha tena lita 20. Chumvi iliyobaki inatosha ndoo hiyo na moja zaidi. Nimeshapiga simu Dar, mzigo unapanda basi kesho.