Kapime ndani

Bili ya maji ilikuwa mezani, mwanangu akaisoma, akauliza, "Mama, uniti moja ni ndoo ngapi?"

Hamsini, za lita 20. Uniti ni mita moja ya ujazo, yaani sanduku lenye mita moja kila upande, na ndani yake zinaingia lita 1,000. Ukihesabu kwa debe mambo yanabadilika, maana lile debe la bati lilikuwa la galoni nne za Kiingereza, karibu lita 18.2, kwa hiyo uniti inatoa madebe 55. Na galoni nayo uiulize kwanza ni ya wapi: ya Kiingereza ni lita 4.546, ya Marekani ni 3.785. Yeye aliandika. Mimi nilikuwa nimesharudi Tabata, mwaka 2003, uani kwetu, magoti yamelowa.

Nilikuwa kidato cha pili na hesabu za nyumbani zilikuwa zangu. Kabla fundi hajaanza tangi la chini, nilipima shimo: urefu mita 2.5, upana mita 2, kina mita 2. Nikazidisha, nikapata mita 10 za ujazo, lita 10,000. Tangi lilipokauka baba akaita boza, lori la maji, la lita 10,000.

Nakumbuka sauti kuliko kitu chochote. Maji yakianguka kwenye tangi tupu yanavuma kwa sauti nzito, na kadiri yanavyopanda sauti inakuwa nyembamba, kama mtungi unaokaribia kujaa. Nilikuwa nimepiga magoti kando ya mdomo wa tangi. Sauti ikawa nyembamba mapema mno. Nikashika mpira, bado ulikuwa umetuna, unatetemeka. Maji yakafika kwenye bomba la kumwagia, lile la kutolea yanayozidi, lakini bomba lilikuwa jembamba na pampu ya boza ina nguvu, yakazidi kupanda. Yakafika mdomoni, yakanipita chini ya magoti, yakazoa vumbi la simenti, yakashika njia ya getini. Nikapiga kelele afunge. Injini ilikuwa inanguruma, dereva hakusikia hadi mama alipomkimbilia.

Safari nzima ilikuwa imeshalipwa. Yaliyobaki kwenye boza wakayakinga majirani, wengine kwa ndoo, wengine kwa beseni, hadi yakaisha.

Baba akaniuliza, "Ulipima nini?"

"Shimo, baba."

Akanipa futi. "Kapime ndani."

Ukuta ulikuwa wa tofali la inchi sita, sentimita 15, na lipu ya 2.5. Hizo ni 17.5 kila upande, na kwa kuwa pande ni mbili, urefu na upana kila kimoja kinapungua sentimita 35. Ndani kulikuwa na mita 2.15 kwa 1.65. Zege la sakafu na lipu yake vikala sentimita 17.5 za kina. Mfuniko, pamoja na nafasi hadi kwenye bomba la kumwagia, vikala nyingine 22.5. Kina cha maji kikabaki mita 1.6. Zidisha zote tatu: mita 5.68 za ujazo, kama lita 5,680. Ukuta ambao kwa macho unauona mwembamba ulichangia sehemu kubwa ya upungufu, kwa sababu unakata urefu na upana kwa pamoja. Na kosa hilo haliishii kwenye maji kumwagika. Anayetia dawa ya kusafisha maji kwa kuamini ana lita 10,000 anaitia karibu maradufu.

Jioni ile baba alichonga fito, akaitia alama kila sentimita 10. Kila alama ni lita 355, karibu ndoo 18. Fito inashushwa hadi sakafuni, inatolewa, unasoma palipolowa. Tuliitumia miaka yote tuliyokaa pale, na hakuna boza lililoitwa tena kabla fito haijashuka.

Nilichobaki nacho ni swali. Baba ndiye aliyenunua yale matofali, na ndiye aliyesimama na fundi lipu ikipigwa. Nilipomletea ile 10,000 daftarini aliitazama kwa muda kabla ya kwenda kuliita boza. Sikuwahi kumuuliza alikuwa anatazama nini.