Usiku Corolla ya Baba ilipogoma kuwaka

Mwezi wa nne 2019 nilikuwa likizo nyumbani Tanga, masika imeshika kwelikweli, na Corolla ya Baba imepaki chini ya mwembe pale inapokaa siku zote. Baba alishastaafu, macho yameanza kumsumbua, gari likawa linatoka labda mara mbili kwa mwezi kumpeleka Mama kliniki. Ila hakulitelekeza jamani, kila Jumapili analiwasha dakika kumi, analisikiliza, anazima. Sote tukaamini betri imeshiba.

Saa nane usiku Mama akabanwa na kifua. Ana pumu tangu mi mdogo lakini usiku ule dawa ya kuvuta haikumsaidia kitu, kila pumzi inatoka na mluzi. Nikakamata funguo nikakimbilia kwenye gari, nafungua swichi taa za dashibodi zinawaka kwa mbaaali kama kibatari kinachoishiwa mafuta, napiga stata, tak tak tak tak, basi. Napiga tena, hata ile tak haipo. Kusukuma haisaidii maana ni otomatiki, waya za kubusti hatuna, na mvua ndo inamwagika. Kijana wa jirani ndo akatoa bajaji yake, Mwenyezi Mungu amlipe, Mama tukamweka katikati, maji yanaingia pembeni, kanishika goti kwa nguvu mpaka tunafika hospitali ya Bombo. Wakamwekea mashine ya mvuke, alfajiri akaanza kuhema vizuri.

Tuliporudi Baba akaenda moja kwa moja kwenye gari. Hakufungua hata boneti, kaweka mkono juu yake tu. "Mi Jumapili nimeiwasha, mwanangu." Hilo neno liliniuma kuliko usiku wote.

Fundi umeme akaja akapima, volti 11.4, wakati betri nzima iliyojaa inatakiwa kama 12.6 hivi. Kwenye nguzo ya chanya umeota unga wa kijani na nyeupe, akaumwagia maji ya moto ukayeyuka. Ndo akatueleza, tena kwa heshima sana kwa mzee, kwamba stata inakula moto mwingi kwa mara moja, afu dakika kumi za sailensa, gari limesimama injini inanguruma tu, hazirudishi kilicholiwa, na alamu na saa zinanyonya kidogo kidogo usiku na mchana. Betri ikikaa hivyo na njaa, pleti za ndani yake zinaota chumvi ngumu, hata ukiichaji haishiki tena. Yani Baba alikuwa anaimaliza kwa kuitunza!

Betri mpya tukanunua, ila mi nikaona bila kitu kingine tutarudi palepale. Binamu yangu yuko Uingereza, kule magari yanalala baridi nzima gereji na watu wana vichaja vidogo vya kuitunza betri, nikamwomba anitumie. Sio kama chaja ya gereji ambayo ukiisahau inachemsha maji ya betri mpaka yanakauka. Hiki kinajaza taratibu, ikijaa kinashuka chenyewe kinabaki kuishikilia kwenye volti 13 na kitu, umeme ukikatika ukarudi kinaendelea. Plagi yake pini tatu kama zetu. Nikafunga waya moja kwa moja kwenye nguzo za betri, ncha yake nikaitoa mbele kwenye grili, ili Baba asihangaike na boneti wala spana, achomeke tu na achomoe.

Mwezi wa kumi na mbili nikarudi. Nikamkuta ana utaratibu wake, akiamka kuswali alfajiri anapita na tochi kuangalia taa ya kijani. Usiku wa kwanza tu, tumeshakula, akanipa funguo. "Hebu washa nisikie." Gari lilikuwa na wiki tatu halijatoka. Nikachomoa waya, nikapiga stata mara moja likashika, taa zikamulika mwembe wote.

Mama akaita kutoka dirishani, "Limewaka?"

"Limewaka," Baba akamjibu, na hakuniambia nizime.