Nyumba nne zilitupita kabla hatujapata ya kwetu Kwembe

Naandika hii kwa ajili ya wale walioko katikati ya kutafuta nyumba ya kununua, ambao wameshakosa mara moja au mbili na wameanza kujiuliza kama wana nuksi. Sisi tulianza kutafuta Januari 2022 tukaja kuingia kwetu Agosti 2023. Hapo katikati zimetupita nyumba nne, na kuna moja ilituuma mpaka baba watoto akasema tuache kwanza.

Tulikuwa tumepanga Tabata, hapa Dar es Salaam, vyumba viwili na sebule, laki mbili na nusu kwa mwezi na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani kila nusu mwaka milioni moja na nusu inaondoka unaiangalia. Mimi ni mhasibu kwenye ofisi moja mjini, mume wangu fundi umeme. Benki tulikuwa na milioni 18 na Saccos ya kazini, yaani chama chetu cha kuweka na kukopa, walikuwa wananipa mkopo mara tatu ya akiba yangu, tukapiga hesabu tukajiwekea mwisho milioni 50, hapo ni pamoja na wakili na dalali. Mkopo wa nyumba wa benki tuliuulizia, riba ilitushinda na wanataka nyumba iwe na hati miliki, sasa nyumba za bei yetu nyingi hazina hati, hiyo njia tukaifunga mapema.

Ya kwanza ilikuwa Kibamba. Vyumba vitatu, imekamilika, milioni 46. Tuliiona Jumamosi, tukakaa na mzee mwenyewe kibarazani, tukanywa soda, tukapeana mikono, akasema leteni hela mkiwa tayari. Tumerudi nyumbani tumeshagawana vyumba, binti yetu mkubwa Jumapili ameshawaambia wenzake kanisani kwamba wanahama. Jumatatu saa nne dalali anapiga, dada pole sana, mzee ameshapokea hela, kuna mtu amekuja na 48 keshi. Nilikuwa ofisini, nikatoka nje nikasimama tu. Nilikuja kuelewa baadae kwamba mzee hakuvunja kitu chochote, Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa kuuza ardhi uwe wa maandishi, sisi tulikuwa na neno lake tu na mkono wake. Na hata angetusubiri, mkopo wangu ungechukua wiki tatu kutoka. Yule mwenzetu alikuwa na hela mkononi.

Hapo nilifanya kitu ambacho nawashauri wote mnaotegemea Saccos. Nilienda kwa meneja nikamuuliza ni kitu gani hasa kinachukua hizo wiki tatu, kumbe sehemu kubwa ni wadhamini na kikao cha kamati ya mikopo. Nikaomba nijaze kila kitu mapema, wadhamini wakasaini, kamati ikapitisha kiasi, ikabaki nafasi ya kuweka jina la muuzaji na nakala ya mkataba. Zile wiki tatu zikawa siku nne. Na nyumbani tukakubaliana watoto hawaambiwi tena mpaka mkataba usainiwe, maana kumtazama binti anarudi kuwaambia wenzake kwamba hawahami tena ilikuwa ngumu kwangu kuliko hiyo nyumba yenyewe.

Ya pili Goba, na hii ndo iliyotula hela. Dalali alitupigia Jumatano jioni, boma lipo kwenye lenta, yaani kuta zimefika juu ya madirisha tu, kiwanja kikubwa, milioni 28, lakini kuna watu wanakuja kesho asubuhi na hela kwa hiyo kama mnaitaka toeni hata kidogo ya kushikilia. Sisi bado tuna kidonda cha Kibamba. Tukaenda usiku na tochi ya simu, tukaona kuta, tukamtumia mwenye eneo milioni 2 kwa simu palepale, akatuandikia kwenye karatasi ya kaunta buku, hakuna shahidi, hakuna serikali ya mtaa. Jumamosi tunarudi mchana tukakuta lori linamwaga mchanga na fundi wa mtu mwingine anapima msingi wa ukuta. Kiliuzwa wiki nzima kabla yetu.

Tulienda polisi, tukaenda serikali ya mtaa, mwenyekiti akamwita yule bwana mbele yetu. Meseji ya muamala na kile kikaratasi ndo vilitusaidia, bila hivyo angekana kabisa. Akakubali kurudisha kidogo kidogo, laki mbili leo, laki tatu mwezi unaofuata, ilituchukua miezi mitano kupata milioni moja na laki tatu. Laki saba hatujaziona mpaka leo. Nyumbani ilikuwa kipindi kibaya jamani, sitaki kuficha. Mimi ndiye niliyesema tutume, na mume wangu hakunilaumu kwa mdomo lakini alikaa kimya siku nzima mbili, na ukimya wa mtu mnayelala chumba kimoja unauma. Siku ya tatu akaniamsha saa kumi na moja alfajiri akasema sikiliza mama, kuanzia leo hela haitoki siku hiyohiyo tuliyoona kitu, lazima tulale kwanza, hata muuzaji aseme nini, na kama akiiuza usiku huo basi haikuwa yetu. Tumeishika hiyo mpaka mwisho. Kuna nyumba mbili zilitupita kwa sababu hiyo tu na hizo hata sizihesabu.

Ya tatu, Mbezi Makabe. Ngoja niielezee hii vizuri kwa sababu mpaka leo nikipita ile njia naangalia pembeni. Nyumba ndogo, imekaa vizuri, uani kuna mwembe, vigae mpaka jikoni, na ina hati. Milioni 49, ukiongeza wakili na dalali tunaupita mwisho wetu lakini mume wangu akasema atafanya kazi za usiku tuzibe pengo. Tukalala, asubuhi bado tunaitaka. Tukachukua wakili, wakili akaomba nakala ya hati akaenda kufanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Majibu yakaja, jina ni la muuzaji kweli, lakini hati imewekwa rehani benki. Muuzaji hakuwa ametuambia hata kidogo. Tukimuuliza anasema ni deni dogo nitalimaliza na hela mtakayonipa.

Wakili akatueleza kwamba hiyo siyo mwisho wa biashara, nyumba yenye rehani inaweza kuuzwa, ila benki lazima iwemo, inatoa barua ya deni lililobaki, mnunuzi analipa hilo deni moja kwa moja benki, benki inaachia hati, kinachobaki ndo anapewa muuzaji. Kwa kweli tulifurahi, tukaona inawezekana. Tukamwomba muuzaji barua ya benki. Wiki ya kwanza anasafiri, wiki ya pili simu haipokelewi, wiki ya tatu dalali anatuambia kuna mteja mwingine ambaye hana maswali mengi. Wakili akasema kama deni lingekuwa dogo angeshaleta barua, tukaacha. Nimelia kwenye daladala kutoka Mbezi mpaka tunashuka Tabata, dada aliyekaa pembeni yangu akanipa kitambaa akadhani nimefiwa.

Hapo ndo mume wangu aliposema tuache, na tuliacha kweli, Oktoba na Novemba 2022. Nilijitoa kwenye magrupu yote ya madalali, maana nilikuwa naamka usiku naangalia picha za nyumba, moyo unaenda mbio kama kuna mtu ananikimbiza. Jumapili tukawa tunaenda kwa mama yangu Mbagala tunakula tunarudi, hakuna anayetaja nyumba. Ule mwezi wa kwanza wa kupumzika nilikuwa naona tunapoteza mda, bei zinapanda sisi tumekaa. Ule wa pili nikaanza kulala. Naamini bila ile miezi miwili tungeishia kununua kitu chochote ili tu iishe.

Ya nne siielezei sana, ilikuwa ya mirathi, Januari 2023, ndugu watano, mmoja anauza wanne hawajui, na mahakama ilikuwa haijateua msimamizi wa mirathi. Wakili aliangalia dakika kumi akaturudishia karatasi zetu. Haikuuma, na hapo nikajua tumebadilika.

Baada ya hapo tulikaa tukaangalia tulipokuwa tunakosea. Tulikuwa tunagombania nyumba zilezile zinazogombaniwa na kila mtu, nyumba iliyokamilika, karibu na lami, dalali ameshaipiga picha ameituma kwa watu mia. Kwenye hizo anayeshinda ni mwenye keshi, na sisi hatukuwa na keshi ya hivo. Lakini tulikuwa na fundi umeme ndani ya nyumba, na wadogo zake wawili ni mafundi ujenzi. Tukaamua tunatafuta pagala, yaani nyumba ambayo haijamaliziwa, lenye bati tayari, tunamalizia wenyewe, na tunaenda mtaani kwa miguu bila dalali. Tukasubiri masika. Wenzangu mnaotafuta Dar nawaomba nendeni kuangalia eneo Aprili, mvua ikinyesha, kwa sababu Agosti kila kiwanja ni kizuri. Tulivua viatu tukapita kwenye matope, tukaona maji yanapoelekea, tukaona ni nani anatoa vitu ndani.

Kwembe tulienda Jumamosi nne mfululizo. Tulikuwa tunakaa kwa mama ntilie tunakula, tunaongea na vijana wa bodaboda, hao wanajua nani amesimamisha ujenzi na kwa nini, nani ana kesi na nani. Jumamosi ya tatu kijana mmoja akatupeleka kwa mama mjumbe, na yule mama akatuambia kuna bwana mtumishi wa serikali amehamishiwa Dodoma na wizara yake, familia yote imeenda, amejenga kule na huku anataka kuuza lakini hataki madalali. Pagala la vyumba vitatu, bati juu, halina madirisha wala sakafu wala choo. Milioni 31.

Tukalala. Kesho yake tukampigia, shikamoo, tumeelekezwa na mama mjumbe, tunaomba tuongee. Na hapa kila tulichojifunza kwa machozi kikapata kazi yake. Tulienda kwa majirani wa pande zote nne tukauliza mipaka. Tulienda ofisi ya serikali ya mtaa, tukaenda na manispaa ya Ubungo idara ya mipango miji kuangalia kwenye mchoro kama hakuna barabara wala eneo la wazi linapita hapo, sisi wa huku wote tunaikumbuka bomoabomoa ya 2017 kutoka Kimara mpaka Kiluvya kwenye hifadhi ya barabara, watu walikaa kwenye nyumba zao miaka mingi na zikabomolewa. Wakili akauliza mke wa muuzaji yuko wapi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mwanandoa kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kuridhia, na kama hiyo nyumba inahesabika ni ya ndoa au la wakili hakutaka tuje kubishania mahakamani, akataka sahihi ya mke.

Mke yuko Dodoma, na muuzaji anasema kuna mtu mwingine amefika 33. Nilipoambiwa hivyo tumbo likanikata, nikaiona Kibamba yote upya. Zamani ningesema tulipe tu, sahihi itakuja. Mume wangu akachukua basi la asubuhi na karatasi za wakili kwenye bahasha, akafika Dodoma, mama yule akasoma, akauliza maswali yake, akasaini mbele ya wakili wa kule, mume wangu akalala stendi akarudi. Siku hiyohiyo anarudi nikawa nimeshapeleka nakala Saccos. Siku ya nne hela ikaingia. Muuzaji akatuambia yule wa 33 alikuwa anasubiri auze gari kwanza, na yeye amechoka kusubiri. Tukasainiana ofisini kwa wakili, mashahidi upande wake wawili na upande wetu wawili, mama mjumbe akiwepo, hela ikaenda benki kwa benki.

Jioni ile ndo tuliwaambia watoto. Binti akauliza, mama hii ni ya kweli? Nikampa mkataba asome mwenyewe, akausoma wote mpaka majina ya mashahidi.

Mkopo nilichukua mdogo kuliko nilivyokuwa nimepitishiwa, na hela iliyobaki ikaingia kwenye choo, sakafu ya saruji, madirisha na nondo, waya mume wangu alitandaza mwenyewe usiku baada ya kazi. Dari hatuna mpaka leo, mvua ikipiga kwenye bati hatusikilizani. Maji tunanunua ya boza tunajaza simtanki. Kodi ya Tabata ilikuwa inaisha mwisho wa Agosti, sisi tulihama wiki ya mwisho, madirisha mawili yakiwa na turubai.

Urasimishaji mtaani kwetu umeanza, yaani kupima viwanja vya tuliojenga bila kupimiwa ili tupate hati. Tumelipa mchango wetu, mpimaji ameshapita na bikoni zetu nne, zile alama za mipaka, zipo, kila nikitoka asubuhi nazipita. Mkataba na ile ridhaa ya Dodoma, nakala moja iko kwa wakili na nyingine ndani ya begi la nguo za mume wangu. Hati tunaisubiri.