Doria ya Kuni: Nilivyofanya Kazi ya Usalama Bentiu Bila Bunduki

Mabinti walio polisi hapa Lamu huniuliza mimi, polisi mwanamke mwenzao, nilifikaje Sudan Kusini. Wakishaijua njia huja na swali la pili: kama hukuwa na bunduki, ulimlinda nani? Nitajibu yote mawili, ila la pili ndilo lenye uzito.

Njia yenyewe si siri. Polisi anayekwenda kwenye misheni ya Umoja wa Mataifa peke yake, si ndani ya kikosi, hupendekezwa na nchi yake. Awe ametimiza miaka 25, ametumika miaka 5 au zaidi bila kuhesabu chuo, na awe na leseni ya udereva. Kisha hutahiniwa: kusoma na kuandika Kiingereza, kusikiliza tukio lililorekodiwa na kuliandikia ripoti, mahojiano, na kuendesha gari. Gari ndilo lililonitia hofu. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, au Amu kama tuuitavyo wenyewe. Katika vichochoro vyetu punda wawili waliobeba mchanga wakikutana, mmoja hana budi kurudi nyuma. Mtoto wa Amu huijua mashua kabla ya gari. Kwa hiyo kila nilipopata likizo nilivuka hadi Mokowe, ng'ambo ya bara, nikajifunza kwa pikapu ya shemeji yangu kwenye barabara ya kwenda mji wa Hindi, mahali ambapo mchanga ulikuwa mwingi kuliko barabara. Mchanga ule ulinifaa sana. Siku ya mtihani niliporudisha Land Cruiser nyuma kati ya nguzo, mkono haukutetemeka. Baada ya hapo nikapelekwa kwenye mafunzo IPSTC, kituo cha mafunzo ya kulinda amani, pale Karen, Nairobi.

Mama hakupendezwa. "Mwanangu, wenda penye vita na mikono mitupu?" Ami yangu ndiye aliyemtuliza. Alimkumbusha siku ya tarehe 2 Machi 2012, viongozi wa nchi walipokuja Lamu kuzindua LAPSSET, mradi wa bandari, barabara na bomba la mafuta, na Salva Kiir, Rais wa Sudan Kusini, akiwa na kofia yake nyeusi miongoni mwao. Akamwambia jimbo ninalokwenda, Unity, ndiko yatokako baadhi ya mafuta yaliyokusudiwa kuletwa bandarini kwetu. Mama akasema mafuta hayamhusu, lakini dua alinisomea.

Nilifika Bentiu, mji mkuu wa jimbo hilo la Unity, mapema 2019. Mwezi wa Novemba uliotangulia, katika siku kumi tu, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka lilikuwa limetibu wanawake na wasichana 125 walionajisiwa na kupigwa njiani walipokuwa wakielekea Bentiu kwa miguu. Habari ile ilitikisa misheni nzima. Doria ziliongezwa, wahandisi wakatumwa kufyeka vichaka kando ya barabara ili washambuliaji wakose pa kujificha. Mimi niliingia katikati ya hali hiyo. Kambi ya kulinda raia ilikuwa na watu zaidi ya laki moja, wengi wao wa kabila la Wanuer, wakiishi bega kwa bega ndani ya uzio na mitaro, na kando yake wanajeshi wa Mongolia na polisi wenye silaha kutoka Ghana.

Sisi maafisa tuliokwenda mmoja mmoja, nje ya kikosi, tulikuwa na redio ya mkononi, daftari na gari jeupe. Hatukuwa na mamlaka ya kumshtaki mtu. Hayo ni ya serikali ya Sudan Kusini. Kazi yetu ilikuwa kupita, kusikiliza, kuripoti, na kufanya kazi na vikundi vya ulinzi vya wakazi wenyewe. Anayeijua Nyumba Kumi ya Kenya hatapata shida kuelewa vikundi hivyo.

Nilipewa dawati la wanawake na watoto. Mara moja nikaona kwamba ripoti za doria na maisha ya wanawake havikutani. Ripoti zilisema doria ya kuni, ile ya kuwalinda wanawake waendapo kutafuta kuni nje ya kambi, imetoka, imezunguka, imerudi, hali ni shwari. Wanawake waliendelea kufika kliniki wakiwa wamejeruhiwa. Nikawauliza kwa kupitia mkalimani wetu, kijana mwema na mwenye adabu. Wakaangalia chini. Nani atamweleza mambo yale mwanamume anayemjua mumewe?

Siku moja nimesimama penye bomba la maji, binti aliyekuwa kwenye foleni na dumu la njano akaniuliza kwa Kiswahili, "Afande, wewe ni Mkenya?" Alikuwa amesomea Kakuma, kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Kenya. Huko Sudan Kusini utawakuta wengi waliolelewa Kakuma, na Kiswahili chao hakina woga. Nilimwomba aniketishe na mamake na majirani zake, bila sare yoyote ya kiume karibu. Tulikaa nyuma ya jiko lao, kwenye kivuli cha turubai. Nikanyamaza, nikawaacha waseme.

Ndipo nilipoelewa. Doria yetu ilikuwa ikitoka saa tatu asubuhi, baada ya maelezo ya kikao na idhini kwenye karatasi. Wanawake walitoka kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu saa tatu Bentiu jua tayari linaunguza na maji ya kunywa njiani ni ya kubeba. Sisi tulipoanza kuwasha magari, wao walikuwa wamefika msituni na waliotaka kuwadhuru walikuwa wamekwisha kuwapata. Isitoshe, magari yetu yalishika barabara kuu, nao walishika vijia vya kukata kwenye nyasi. Anayeshambuliwa, walisema, karibu kila mara ni wa mwisho: mzee, mjamzito, au mwenye mzigo uliolegea akabaki nyuma kuufunga.

Nilipeleka hayo kikaoni. Afisa mmoja akatoa rai iliyoungwa mkono na kadhaa: geti lifungwe, wanawake wakatazwe kutoka mpaka hali itulie. Alisema kwa nia njema. Nilisimama nikapinga, na nilipinga kama mtu wa Lamu. Niliwaambia kwamba kwetu, kuanzia 2011, wavuvi walikatazwa kuvua usiku kwa miaka kadhaa kwa ajili ya usalama, na baada ya mashambulizi ya Mpeketoni mwaka 2014 tukawekewa kafyu. Najua nyumba ambazo baba alikaa barazani akiitazama bahari huku watoto wakilala na chai kavu. Kumzuia mtu asiende kwenye riziki yake ni rahisi, na takwimu zitapendeza, lakini mzigo wote wa usalama utakuwa umemtwisha yeye. Pale kambini mgao ulikuwa mtama, dengu na mafuta. Mtama hauliwi mbichi, na huchukua muda mrefu motoni. Ukifunga geti, umefunga jiko. Na mwenye watoto wenye njaa atapenya chini ya uzio, mahali ambapo hakuna doria kabisa.

Kikao hakikuisha siku ile, lakini geti halikufungwa. Tulibadilisha saa. Maelezo ya doria yakawa yanatolewa jioni, idhini inaombwa mapema, na asubuhi magari yanakuwa getini saa kumi na mbili. Gari moja lilitangulia, na moja, mimi nikiwemo mara nyingi, lilikwenda taratibu nyuma ya mwanamke wa mwisho kabisa. Askari wenye silaha walishuka na kusimama penye midomo ya vijia. Wanawake ndio walioamua upande wa kwenda, kwa maana wao ndio wanaojua pana miti mikavu wapi.

Nakumbuka bibi mmoja, mwembamba, mikono kama kamba za nanga. Alikuwa akifunga mzigo wake kwa vipande vya turubai kuukuu, akiukanyaga kwa goti, akiuzungusha, akitoa kigogo kimoja na kukichomeka upande wa pili. Nikamwendea nimsaidie kuutwika. Akanizuia kwa kiganja. Akaunyanyua kidogo mwenyewe, akausikilizia uzito, akaurudisha chini, akahamisha kigogo kingine. Ndipo akaniita kwa kichwa. Tulipoutwika sote wawili shingo yangu iliuma kwa kuutazama tu, naye akaondoka wima, akipiga hatua fupi fupi, hakugeuka nyuma hata mara moja. Dereva wangu alitaka kupiga honi ili aharakishe. Nikamwambia asiiguse. Mwendo wa doria ni mwendo wa bibi yule.

Upande wa pili wa kazi ulihitaji moyo zaidi. Mwanamke aliponiambia amefanyiwa ukatili, sikufungua daftari. Kwanza hospitali ya Madaktari Wasio na Mipaka mle kambini, kwa sababu dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI hufaa ikianzwa ndani ya saa 72, na kadiri inavyoanzwa mapema ndivyo bora. Wengi hawakujua hilo. Walikaa wiki nzima ndani ya hema kwa aibu. Tukawaomba kina mama wa kila eneo walizungumze penye bomba na kwenye foleni ya mgao, wao kwa wao. Kwenye ripoti nilitaja mahali na saa, basi. Jina halikuandikwa ila mwenyewe akitaka.

Doria haikumaliza mashambulizi. Zipo asubuhi ambazo idhini haikuja, na wanawake walitoka hivyo hivyo. Mvua zilipoanza, udongo mweusi wa kule ulikamata magurudumu mpaka mlangoni, tukashindwa kufika walikofika wao kwa miguu. Siku kama hizo nilirudi kwenye kontena langu nikaswali na usingizi ukakataa. Ramadhani iliangukia Mei, na joto la Bentiu mwezi huo sitalisimulia. Mtandao ukipatikana nilimpigia mwanangu, akaniuliza kama huku kuna bahari.

Marupurupu je? Yapo, ni mazuri kuliko mshahara wa nyumbani, na nilimalizia nyumba ya mama. Lakini binti anayekwenda kwa ajili ya hayo pekee, miezi mitatu ya kwanza itamchosha.

Nilipomaliza muda wangu niliandika maelezo ya kumkabidhi aliyenifuata, raia wa nchi nyingine, mwanamke pia. Nilimwandikia kwamba siku na upande wa doria zisitangazwe kwa kipaza sauti, maana anayewavizia naye ana masikio. Waambiwe viongozi wa wanawake jioni, kwa mdomo. Kwamba atafute mkalimani wa kike hata kama itabidi agombane na ofisi. Kwamba gari la nyuma lisiwapite watu kwa sababu yoyote. Nikamwandikia pia mahali anapoishi binti wa Kakuma, baada ya kumwomba ruhusa, na kwamba asiende kwao mikono mitupu: sukari hupendwa, na majani ya chai ya Kenya zaidi.