Siku yangu moja: kuwathibitishia watu kwamba mimi ni mimi

Mtaani kwetu wanasema nashinda na simu. Si uongo. Wasichojua ni kwamba humo kwenye simu nabembeleza pesa yangu mwenyewe.

Nauza mikoba ya ukili yenye bitana ya kitenge. Wanaosuka ni bi wakubwa wawili wa Mikindani, anayeshona ni fundi jirani yangu, picha napiga mlangoni kwangu hapa Mtwara mjini, na wateja wengi wako ng'ambo, wanalipa kwa kadi. Kati ya kadi zao na mkono wangu ipo kampuni ya malipo ya kule California, Marekani. Hapo ndipo kazi ilipo.

Saa 11 alfajiri. Naswali, kisha nafungua barua pepe. Msimu huu California wako nyuma yetu kwa saa 11, yaani mimi naamka, wao jioni ya jana wanafunga ofisi. Wameniachia ujumbe: malipo manne, jumla dola 214, yameshikiliwa. Akaunti bado changa na mauzo yamepanda ghafla, kwa hiyo wanataka kujua mimi ni nani, naishi wapi, na mizigo kama imefika. Kwa hilo sina ugomvi nao. Mwenye kadi iliyoibwa anaweza kuja kudai pesa yake hata miezi mitatu minne baadaye, na kama muuzaji keshatokomea, hasara ni yao. Ugomvi wangu ni juu ya kile wanachokiita ushahidi.

Wanataka ankara ya umeme isiyozidi miezi 3. Umeme wetu ni wa LUKU: unanunua, unapewa tarakimu 20, unabonyeza kwenye mita, taa inawaka. Ankara itoke wapi? Ya maji ipo, ina jina la baba mwenye nyumba. Taarifa ya benki ina jina langu, ila anwani yake ni S.L.P., na mfumo wao ukiona sanduku la posta unakataa papo hapo, kama vile nimesema nalala ndani ya sanduku.

Watoto, chai, kufagia, kufunga mikoba mitatu. Ikafika saa 4.

Nikaenda ofisi ya mtaa kuomba barua ya utambulisho.

"Barua ya kwenda wapi?" mtendaji akauliza.

"Marekani."

"Unasafiri?"

"Hapana mzee, nauza mikoba."

"Sasa mimi wananitakia nini?"

"Wanataka kujua kama kweli naishi hapa."

Akacheka sana. "Mimi nakujua tangu unaolewa!" Ndiyo, mzee, lakini wewe hawakujui. Akaandika "Kwa yeyote anayehusika", nami nikamwomba aongeze jina la barabara na namba ya nyumba iliyo kwenye kile kibao cha anwani za makazi. Tangu kipigiliwe ukutani, siku hiyo ndiyo niliona faida yake. Mhuri ukagongwa. Nafika nyumbani, nakumbuka: barua ni ya Kiswahili, nani ataisoma kule? Nikaandika tafsiri chini yake na kurudi mbio ili nayo igongwe mhuri. Mtendaji ameshaondoka, yuko kikaoni.

Nikakaa kwenye benchi. Joto la Novemba la Mtwara mnalijua wenyewe, hata kivuli kinatoa jasho. Pembeni yangu alikaa mzee mmoja mkulima wa korosho, naye anasubiri mhuri. Akaniuliza shida yangu. Kwa kawaida hili jambo nalieleza nusu saa na mtu haelewi, lakini yule mzee alisikiliza kidogo tu akatikisa kichwa. "Basi wewe na sisi wamoja. Korosho ipo ghalani, stakabadhi mkononi, pesa bado." Sijawahi kuelezwa kazi yangu vizuri hivyo. Tukakaa kimya, tukamenya maembe yake, mpaka adhuhuri ikapita.

Mhuri wa pili nikaupata saa 8. Nikapitia posta na risiti zangu. Namba ya mzigo wa EMS ina herufi mbili, tarakimu tisa, halafu TZ. Kumbe kwenye mzigo mmoja nilikuwa nimeweka herufi O mahali pa sifuri, ndiyo maana kwao ulionekana haujawahi kutumwa. Hilo kosa langu, nalibeba.

Nikiwa njiani, simu kutoka Mikindani.

"Shikamoo bi mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Ile hela yetu vipi?"

Nimwambie nini? Mikoba ilishafika, mteja ameshatembea nayo sokoni kwao. Nikasema inshallah wiki hii. Hajakata vizuri, anaingia mteja wa Dar na skrini shoti ya muamala ambao kwangu haujaingia. Nikamwambia dada, mimi sipokei picha, napokea pesa. Akaniita mshamba. Sawa.

Jioni ikaja hivyo hivyo. Saa 2 usiku kule ni saa 3 asubuhi, ofisi zinafunguliwa, nikawa wa kwanza mlangoni. Barua imekubaliwa. Namba ya mzigo imekubaliwa. Nikaanza kutabasamu. "Jina la kitambulisho halilingani na la benki." Kitambulisho cha taifa kinasema Hadija, kama tunavyoitana huku kusini. Benki karani aliona nimekosea jina langu mwenyewe, akanisahihishia: Khadija. Herufi moja imeshika dola 214. Hati ya kiapo ninayo, nilishaapa kwa wakili mwaka jana kwa ajili ya herufi hiyo hiyo, ila kuipata ilibidi nimwage sanduku zima la nguo.

Halafu uso. Geuka kushoto, geuka kulia, sogea kwenye mwanga. Umeme ukakatika. Mwanangu wa darasa la nne akapanda kwenye kiti kunimulika na tochi, anacheka, mwanga unacheza, mfumo unakataa. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bando likaisha, nikanunua jingine. Nilishaacha kuangalia saa. Mtoto akalala pale pale kwenye kiti, tochi nikaiegemeza kwenye birika, na hapo ndipo ikakubali. Birika halicheki.

Ujumbe ukaja: malipo yameachiliwa, yatafika benki ndani ya siku 2 hadi 5 za kazi. Kesho Ijumaa. Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi.

Fundi alikuwa hajalala, akaniandikia: "Imetoka?"

Nikamjibu: "Imetoka. Haijafika."