Irit, irit: siku nilipomuona Weird Al laivu (na kaka yangu mpaka leo anabisha)

Lazima nianze na kaseti, manake bila ile kaseti hii stori haina miguu. Tanga, Ngamiani, mwishoni mwa miaka ya themanini, kaka yangu mkubwa alikuwa na TDK moja karekodisha dukani, upande A wote Michael Jackson, na ile kaseti ilikuwa inalindwa kuliko sisi wadogo zake. Betri zikichoka tunaenda kuzianika juani juu ya bati, zikipata moto kidogo tunarudisha haraka haraka kabla mama hajaja kudai redio yake asikilize taarabu. Sasa kwenye ile kaseti kulikuwa na nyimbo mbili zinafanana kama mapacha. Moja Michael anasema "pirit", ya pili anasema "irit". Gitaa lile lile, mapigo yale yale, ila kwenye ya irit sauti imekaa puani, na lile gitaa la katikati linalia linalia mpaka linapasuka, buum! Kiingereza hatukijui. Kaka akatoa hukumu kwamba ile ya pili Michael alirekodi akiwa na mafua. Tukakubali, yeye ndo mwenye kaseti.

Mi nilikuwa naipenda hiyo ya mafua kuliko nyingine.

Ruka miaka karibu thelathini. Nipo Ohio, nafanya kazi ya kulea wazee, shifti za usiku, na mwanangu ana miaka tisa. Siku moja karudi shule anaimba wimbo wa kuwasema watu wasiojua kuandika Kiingereza vizuri, mwalimu wao kawapigia darasani, wa Weird Al, Mmarekani anayegeuza nyimbo za watu kuwa za utani, na toka siku hiyo nyumbani ni Weird Al asubuhi, Weird Al mchana, Weird Al kwenye gari. "Mama unamjua Weird Al?" Simjui. Ananionyesha picha, naona mzungu wa makamo ana nywele ndefu za mawimbi kama mama wa Kihindi katoka saluni, shati la maua, kabeba kodiani. Nikacheka. Kwetu kodiani ni ala ya taarabu bana, ni ya mzee wa heshima kakaa kwenye kiti na kofia yake ya kiua, sio ya mtu anayerukaruka.

Basi 2016 kukawa na shoo mji wa masaa matatu kutoka tunapokaa. Bei ya tiketi nikaigeuza kwa shilingi, kosa ambalo mtu wa diaspora hatakiwi kufanya, nikakaa kimya siku mbili, halafu nikanunua.

Kwenye foleni ndo nilianza kuelewa nimeingia wapi. Nilidhani nitakuta watoto tu, kumbe kuna babu ana shati la maua, baba mtu ana shati la maua, mjukuu naye shati la maua, wengine wamevaa kofia wamejitengenezea kwa foili ya kufungia chakula, na mwanangu naye alikuwa na yake. Na wanaongea! Wamarekani kwenye foleni kawaida kila mtu na simu yake, lakini hapa ilikuwa kama foleni ya maji bombani, unaulizwa hii ni ya ngapi kwako, nikisema ya kwanza wananipongeza utadhani nimejifungua.

Baba mmoja nyuma yangu akatuhadithia kwamba yeye kaanza kumsikia redioni kwenye kipindi cha nyimbo za kuchekesha cha Dr. Demento, wakati huo kodiani tu na jamaa mwingine anapiga lile boksi la kodiani kama ngoma, 1980, hakuna bendi hakuna nini. Yule mpiga boksi ndo Jon Schwartz, na mpaka leo ndo mpiga drams wake. Mpiga gitaa na mpiga besi nao wako naye tangu miaka ya themanini mwanzoni, na yule wa kinanda ambaye wanamuita mgeni kaingia 1991. Mgeni! Mi nimekulia kwenye nchi ambayo mwanamuziki anahama bendi Ijumaa, Jumamosi anapiga kwa wapinzani, sa niliposikia hivyo nikasema hawa sio bendi, hawa ni ukoo.

Mama mwingine, mnene mcheshi hivi, yeye stori yake ni kwamba miaka ya nyuma aliwahi kuimbiwa. Kuna wimbo mmoja Al anashuka chini kwa watazamaji anatongoza wanawake kwa maneno ya kijinga kuliko yote uliyowahi kusikia, anakutolea macho, anarusha mguu, anakusogelea mpaka unaona jasho. Huyu mama anasema mumewe alikuwa anacheka mpaka kadondosha kinywaji, na kila mwaka siku yao ya ndoa bado wanaimbiana yale maneno. Mume mtu kasimama pembeni anatikisa kichwa tu, mzee wa watu.

Na kulikuwa na kijana mmoja mpole, hakuwa na mbwembwe, akasema yeye alianza kumpenda kweli aliposikia habari ya 2004. Wazazi wa Al walifariki nyumbani kwao kwa moshi wa sumu wa lile jiko la ukutani la kuotea moto, naye yuko safarini na bendi, na usiku ule ule akapanda jukwaani akafanya shoo. Baadaye akasema kama nyimbo zake zimewasaidia watu kupita kwenye shida labda na yeye zitamsaidia. Kijana akasema na yeye alimpoteza baba, akaishia hapo, na foleni ikasogea. Hatukuongea kama dakika mbili hivi. Halafu mtu wa mlangoni akaanza kukagua kofia ya foili ya mwanangu, anaipitishia kile kidude chao kinalia, anaivua, anaichungulia, anairudisha, kila mtu akaanza kucheka tena.

Shoo yenyewe sasa. Stejini bendi imeshaanza kupiga, Al hayupo. Kwenye skrini tunamuona yuko nje, kavaa suti ya rangi za kuumiza macho, anaimba huku kamera inamfuata, anapita korido, anapita kwa wafanyakazi, yaani bado tunafikiri ni video imerekodiwa, ghafla mlango wa nyuma ukafunguka na huyo hapo kati yetu! Mwanangu alipiga ukelele ambao hata siku anazaliwa hakuupiga.

Halafu ni nguo juu ya nguo. Kila wimbo na vazi lake, anatoka, skrini inaonyesha vipande vya vichekesho, mahojiano ya uongo ambayo kajikatia mwenyewe anawauliza mastaa maswali ya kipuuzi, na kabla hujamaliza kucheka karudi kitu kingine kabisa. Kaja na Segway, kile kigari cha magurudumu mawili unasimama juu yake. Kaja na limwili la kubandika amekuwa mnene kama gunia la mkaa, anacheza nalo, na yule baba wa Dr. Demento (tulikaa safu moja kwa bahati) akaniambia sikioni kwamba video ya huo wimbo, 1988, ambao ni utani wa "Bad" ya Michael Jackson, Michael mwenyewe aliwaruhusu watumie seti yake ya stesheni ya treni. Kumbe Al anaomba ruhusa kabla ya kuigiza wimbo wa mtu. Kisheria hata halazimiki sana kwa nyimbo za utani kule kwao, lakini anaomba, na Prince alikuwa anakataa kila mara na yeye akaacha. Hiyo niliipenda. Huku kwetu mtu anakupasha kwenye mpasho mpaka mtaa mzima unajua ni wewe na hakuna aliyekuomba chochote.

Ila iliyonimaliza ni ile ya Waamishi, wale Wakristo wanaoishi kizamani. Unajua Ohio tunao wengi, ukitoka mjini kidogo unakutana na vigari vyao vya farasi barabarani, ndevu bila masharubu, kofia nyeusi, umeme wa waya hawataki. Mi nyimbo nyingi za usiku ule nilikuwa nacheka nusu, manake utani wa kuiga unataka uijue ya mwanzo kwanza, na nyimbo za Kimarekani nyingi zilinipita. Lakini alipotoka na zile ndevu na lile koti jeusi na sura ya ukali wa gangsta, anajisifia kukamua ng'ombe, aisee hapo sikuhitaji mtu wa kunitafsiria. Nilicheka mpaka kiuno kinauma, mwanangu ananiangalia anasema Mama, Mama, watu wanatuona.

Kwenye ule wimbo wa kutongoza alipita safu ya jirani, na mkono wangu wenyewe, bila kuniuliza, ukaingia kwenye pochi ukatoa dola. Mtoto wa Tanga, mtu anaimba anakupitia karibu, wewe unakaa tu? Unainuka unatunza! Nilishanyanyuka kabisa ndo nikaona hakuna hata mmoja anayefanya hivyo, nikajifanya nanyoosha mgongo.

Sasa nisikilizeni. Katikati ya shoo wakapunguza taa, wakaleta viti na mishumaa, bendi nzima wakakaa na magitaa ya kawaida kama wazee wanaopunga upepo barazani. Wakaanza kitu cha pole pole, kimetulia, kizuri kweli, mtindo ule wa Eric Clapton akiwa amekaa. Nikasema afadhali, mtu apumzike. Anaimba taratibu mambo ya chakula, sijui kula hiki sijui kula kile, halafu akafika kwenye kiitikio. Irit. Irit.

Nilishika mkono wa mwanangu nikaubana. Ile sauti ya puani. Ile ya mafua! "Eat It", 1984, utani wake wa "Beat It" ya Michael, ndo wimbo uliompa tuzo yake ya kwanza ya Grammy, na mi nimeuimba barabarani Ngamiani nikiwa sijavaa hata viatu, tunabishana pirit au irit, na kumbe yule hakuwa Michael hata siku moja. Sijui aliyerekodi kule dukani alikosea au alikuwa anafanya makusudi. Yule baba akaniuliza uko sawa? Nikajaribu kumweleza betri juu ya bati kwa Kiingereza changu cha kazini, akaelewa nusu, lakini akawageukia wenzake wa nyuma akawahadithia, na wao wakawahadithia wa nyuma yao, mpaka tunatoka kuna watu wananisalimia "wewe ndo wa kaseti".

Ya mwisho walikuja stejini askari wale wa mavazi meupe wa sinema ya Star Wars, Darth Vader, wote, wakapiga "Yoda", na katikati muziki ukakatika bendi nzima ikaanza kubwata maneno yasiyo na maana kabisa kwa pamoja, haraka, na mikono ya kuigiza, muda mrefu mno, bila hata mmoja kupotea. Hapo ndo niliwaza, haya ni mazoezi ya miaka mingapi, kwa ajili ya ujinga tu.

2018 tulienda tena. Ile ziara hakukuwa na mavazi wala skrini, wamekaa tu wanapiga nyimbo zao wenyewe ambazo hazijaigwa kwa mtu, na kila usiku wanabadilisha orodha, kwa hiyo kuna watu wanafuata mji hadi mji. Mashabiki wa ndani wanaapa ndo ziara bora kuliko zote. Mi niseme ukweli, nilikosa zile nguo. Mwanangu aliipenda, kasema Mama hujui muziki. Haya.

Ile ya kwanza tulipofika kwenye gari nilimpigia kaka Tanga, kule kumeshakucha, yuko kwenye chai. Nikamwambia shikamoo kaka, unakumbuka irit? Sio Michael. Ni mtu mwingine kabisa, mzungu, ana kodiani, nimetoka kumuona sasa hivi. Kimya. Nasikia kijiko kinakoroga. Halafu akasema, "Mdogo wangu, ile kaseti nilirekodisha kwa pesa yangu. Yule ni Michael, alikuwa ana mafua."

Nimeshamtumia video mara nne. Ananijibu kwa kile kiemoji cha kicheko na neno moja, "mafua".